Kofia Kumi na Sita na Chupa Moja ya Lotoko

Bana ya atelier, mbote kwenu bote. Mulisema nibaachie maneno kidogo mbele niache kazi, nibebe kiti yangu ku nyumba. Bon, njo hii. Mimi siko mutu ya masomo. Masomo niliikimbia ku mwaka ya pili ya primaire, mwalimu akanifuata mbio mpaka ku mayi, akachoka, akarudia. Donc musitafute hapa virgule. Mutafute kole.

Mu Kongo muzima hakuna mutu mwenye alibandika kofia ku pinde kunishinda. Nani alihesabu? Mimi mwenyewe. Kama kuko mutu anabisha, akuye na yake tuhesabu pamoja.

Kuko benye bataanza kazi kesho bila kujua kofia ni nini, acha niseme. Upinde yetu haiko muti moja. Tunapasula mbao inakuwa nyembamba sawa kartoni, tunapaka kole, gundi yetu, tunalaza moja juu ya ingine ku moule, kalibu ya upinde, tunafunga. Ikikauka unapata mikono ya upinde, moja ya juu, moja ya chini. Sasa ku ncha ya mukono, fasi yenye kamba inashika, mbao iko laini. Kamba itaikata sawa waya inakata sabuni. Njo maana tunabandika pale kipande ya pembe ya ngombe, ao muti nyeusi ya ebene, kubwa sawa kucha ya kidole gumba. Ile njo kofia. Kitu kidogo, mais yeye njo anabeba nguvu yote.

Mimi nilizaliwa Barumbu, batu ya kwetu ni bavuvi, na mutu ya kwanza mu familia kuogopa mayi ni mimi. Njo maana nilikuya Kisangani kuendesha toleka, taxi ya baiskeli. Nilikuwa mwanaume muzima, bibi moja, batoto wawili, nabeba batu nyuma ya kinga yangu kutoka Mangobo mpaka ku centre. Nilibeba mama mwenye mbuzi tatu. Nilibeba armoire, kabati nzima. Siku moja nilibeba kinga ingine na mwenye kinga juu yake.

Siku ile nilibeba Papa Saleh. Mwarabisé, mukondo, kanzu nyeupe, alikuwa na mubao ya lifaki murefu sawa mashua ya baleinière, akaishika mu mabega. Tukafika karibu na soko, kuko shimo pale, mu mvua unaweza kufuga samaki capitaine ndani. Tukaingia. Kinga huku, mimi kule, goti yangu ikafunguka sawa mulango. Papa Saleh akasimama, akapangusa kanzu, akapita juu yangu. Juu yangu! Akaenda kupapasa mubao, ncha mpaka ncha.

"Papa, goti yangu inatoka damu!"

"Goti inajitengeneza yenyewe," akasema. "Lifaki hapana."

Nikamufuata mpaka atelier, karakana ya mbao, juu ya kudai pole. Pole sikupata mpaka leo. Mais nilipata kuona namna anafunga mukono ya upinde kisha kupaka kole. Alikuwa anazungusha kamba ya katani, anakaza, anakaza, kole inatoka upande moja, upande ingine inabaki kavu. Mimi mutu ya kinga, siku yote niko na mupira ya chambre à air mu sakoshi.

"Papa, mbona hautumie mupira? Mupira inafinya pote sawasawa. Kamba inauma pa moja tu."

Akakaza kamba tena. Nikatoa chambre à air ya kizee, nikaikata murefu na nyembamba sawa utepe, nikazungusha. Kole ikatoka pande zote mbili sawasawa, mustari moja muzuri. Akapitisha kucha pale. Akaniangalia goti, mara ya kwanza.

"Kesho ukuye bila kinga."

"Nikuye na nini?"

"Na mikono."

Njo vile niliingia kazini. Hakuna barua, hakuna kitu.

Patron alikuwa Tonton Bosco, mutu ya Isangi, mukubwa, akiingia mulango atelier inakuwa giza. Tonton Bosco alipenda viti na jeneza. Alisema kiti, mutu anakalia, anaenda. Jeneza, hakuna mutu alishawahi kurudisha. Pinde aliona ni michezo ya bazungu na bana ya club. Meza ya pinde ilikuwa moja tu, ku dirisha, na mwenye meza ni Papa Saleh.

Miezi tatu ya kwanza sikugusa upinde hata moja. Nilibandika vipande ya pembe ku vipande ya mbao ya kutupa, kisha Papa Saleh anaweka patasi pa katikati na anapiga na marto. Kama kofia inaruka safi, anasema: "Haikushika." Kama mbao yenyewe inapasuka na kofia inabaki, anasema: "Sawa." Sifa kubwa kushinda ile neno "sawa" hakuwa nayo mu kanywa yake. Nilipata "sawa" mbili mu miezi tatu, na moja nadhani alikuwa anasemesha paka.

Alinifundisha hivi, na mushike. Kole iko na chupa mbili, A na B. Changanya mpaka mukono inakuomba ruhusa ya kupumzika, kisha changanya tena. Usikaze sana: ukikaza sana kole yote inakimbia, mbao na pembe inabaki na njaa. Pembe, usiiamini juu inang'aa. Ikwaruze mpaka inakuwa na uso mubaya, sawa uso ya mutu mwenye alilala njaa, njo kole itapata fasi ya kushika. Na kisha kukwaruza, usiguse tena na kidole. Hata kidole ya pasteri. Pangusa na asetoni, bandika.

Saa sita sisi bote tunakula lituma na samaki, mawese inashuka mpaka kiwiko. Mbele turudie ku meza, Papa Saleh ananusa vidole vyangu kimoja kimoja, sawa mutu ya douane ku bandari. "Kole iko na wivu," alikuwa anasema. "Haitaki mutu wa tatu katikati." Nilinawa mara saba. Siku ingine nilinawa mpaka mistari ya mikono ikapotea, hata kama ningetaka kupiga kidole ku carte, hawangenitambua.

Verni ya kung'arisha upinde, tabaka nyembamba, na usipake wakati mvua iko njiani. Mimi nilipaka mara moja, upinde ikakuwa nyeupe yote, batu bakadhani niliichonga mu mifupa ya kiboko.

Na kulikuwa desturi moja yenye ninyi munaicheka. Upinde ikivutwa mara ya kwanza, mwenye alibandika kofia anaweka sikio karibu na ile kofia na anasikiliza. Kama kole inalia "tsk," unasikia mbele ya batu bote. Kama kofia inaruka, utakuwa mutu ya kwanza kuipokea. Papa Saleh alikuwa na alama tatu ku sikio ya kuume. Mimi niko na moja tu, na sasa nitasema ilitoka wapi.

Kulikuwa Mama Odette, mwenye alikuwa anafundisha batu ya club kutupa mishale. Mama mukubwa, mabega sawa mulango ya kanisa, ukimupa mukono unaenda kutafuta vidole kisha. Alitaka pinde munane, club yake inaenda kutupa Kinshasa, ndege ni siku ya yenga, Jumapili. Papa Saleh akagandisha mikono yote, kazi safi, mbao ya lifaki katikati, mbao ya limba nje. Ikabaki kofia kumi na sita. Njo pale malaria ikamushika.

Tonton Bosco akakuya ku meza yetu na ile metre yake ya jeneza, akapima. Meza yetu! Urefu, upana.

"Hizi pinde zikituletea haya Kinshasa," akasema, "hii meza naichukua ya jeneza."

"Na Papa Saleh?"

"Papa Saleh atapumzika."

Bana yangu, Papa Saleh apumzike? Ule mutu, siku ya yenga alikuwa anakuya kuangalia atelier inje ya mulango yenye imefungwa. Bila ile meza angeisha sawa mushumaa. Nikasema mu roho yangu: nyamaza, nitabandika mimi. Na nilikuwa na roho juu. Nilijiona fundi.

Nikakwaruza pembe, nikakwaruza ncha. Nikashika chupa ya asetoni: hewa. Ku soko: hakuna. Nikakaa, nikafikiri, na mimi nikifikiri ni hatari. Asetoni inafanya nini? Inakula mafuta, kisha inaruka inaenda. Lotoko, pombe yetu ya moto, inafanya nini? Inachoma mpaka ku tumbo, kisha inaruka ku kichwa. Kwangu ilikuwa kitu moja. Nikaenda kwa Ya Fifi, muuzaji ya lotoko, mama yenye kucheka sana, nikamwambia anipe ya kwanza, ile kali.

"Ni ya kunywa?"

"Ya kazi."

"Bote banasema ni ya kazi," akasema.

Akanimiminia mu chupa yenye alikuwa nayo pale. Niliionja kidogo, juu ya kupima nguvu. Nikaipima mara ingine juu ya kuwa hakika. Kisha nikapangusa kofia zote kumi na sita na ncha zote kumi na sita, nikabandika, nikafunga mupira, nikaimba.

Siku ya ine, Alhamisi, saa sita Mama Odette akafika. Tonton Bosco alikuwa anakula pondu inje, sahani ku magoti. Mama Odette akafunga kamba ku upinde ya kwanza, mimi nikaweka sikio. Akavuta nusu.

Tok!

Ile kofia ikanikata sikio, ikapita, ikaanguka mu pondu ya Tonton Bosco. Akaitoa na vidole mbili, akaiangalia, akailamba.

"Hii ni kazi yako?"

"Labda hii moja tu," nikasema.

Upinde ya pili: tok. Ya tatu: tok, na huku chini tok ingine. Ya ine Mama Odette hakufunga hata kamba, aliweka kucha chini ya kofia na ikatoka sawa ganda ya yai. Akanikabizi mu mukono.

"Papa, mimi naenda siku ya yenga," akasema pole pole, na mimi ningependa akasirike tu. "Kama hakuna pinde, nitaomba ya fibre kwa benye banayo kule, na sitapita tena huku."

Alipoenda, Tonton Bosco akalaza metre juu ya meza yetu na akaiacha pale.

Nikatia kofia moja mu mufuko, nikaenda kwa Papa Saleh ku Kabondo. Njiani nilitengeneza maneno muzuri kabisa: pembe ilikuwa mubaya, ngombe ilikuwa mugonjwa, kole ilipita siku zake. Nilimukuta amelala, blanketi mpaka ku kidevu, anatetemeka mpaka kitanda inatembea. Nikaanza:

"Papa, ile pembe, nadhani ngombe yake..."

Akatoa mukono. Nikamupa kofia. Akaigeuza, akaiweka ku pua.

"Mawese," akasema.

"Mawese? Apana, Papa! Nilinawa mara saba!"

"Ulipangusa na nini?"

Nikaangalia dari. "Na lotoko."

"Lotoko mimi sijue harufu yake, mimi Muislamu." Akacheka kidogo, malaria ikamukata. "Mais mawese najua. Chupa ilikuwa ya nini mbele?"

Bana yangu, pale njo nikaona mu akili yangu ile chupa ya Ya Fifi. Ku shingo yake kulikuwa mustari nyekundu. Nyekundu! Mimi niliona, nikadhani ni uzuri ya chupa. Nilipaka mafuta kumi na sita mara mbili, na mukono yangu, na kuimba juu yake.

"Tuseme nini kwa Tonton Bosco?" nikauliza.

"Tuseme?" akasema. "Mimi niko mugonjwa. Utasema weye, na kanywa yako, mbele ya Mama Odette. Kisha utoe kofia zote, hata zenye zinashika. Ukwaruze na kioo mpaka unafikia mbao mupya. Halafu uweke tone ya mayi. Mayi ikilala, ikienea, mbao iko safi. Mayi ikisimama sawa ushanga, mafuta ingali ndani. Pale usibandike."

"Na kama inasimama mpaka siku ya posho, Jumamosi?"

"Nilisema usibandike."

Asubui ya siku ya tano, Ijumaa, nikaenda kwanza ku club, nikamuleta Mama Odette, nikamusimamisha mbele ya Tonton Bosco, na nikasema yote. Chupa, mustari nyekundu, yote.

Mama Odette akaniuliza: "Ile lotoko, ulipaka ao ulikunywa?"

"Yote mbili, mama."

Akageuka akaangalia ukuta, mabega yake inatikisika. Sijue kama alikuwa analia ao anacheka, mais akasema: "Nitarudia kesho saa nane."

Nikavunja kioo ya dirisha ya kizee, nikaanza. Kioo yenye imevunjika muzuri inatoa nyuzi ya mbao nyembamba sawa nywele ya mutoto, haikule sana, na limba ile haikuwa na unene ya kukula: ukipita kipimo, mukono ya upinde inakuwa mulegevu, upinde inavuta upande. Nakwaruza, naweka tone, naangalia. Inasimama. Nakwaruza. Inasimama. Nakwaruza tena: inalala, inaenea, inaingia. Nilipiga kelele sawa mutu mwenye alizaa mapacha. Batu ya viti bakakuya kuona. Kisha kidogo bote balikuwa pale, banaacha kazi, banaangalia tone ya mayi, na Tonton Bosco nyuma yabo anajifanya anatafuta musumari.

Asetoni, mama moja mwenye anafanya makucha ku soko alinipa ya chupa yake, ya harufu ya ndizi. Kwanza nikatia tone ku kioo, ikauke, niangalie kama inaacha kitu. Mushike hiyo: pima na kioo, usipime na ulimi. Courant ya umeme ilikuwa imeenda, nikaweka mbabula, jiko ya makala, chini ya sanduku murefu, pinde ndani, kole ikauke na joto ya pole.

Ncha kumi na tano zilikuwa safi. Ya kumi na sita, mukono ya chini ya upinde ya munane, mayi ikasimama. Nilikwaruza mpaka kipimo, fasi yenye huwezi kupita tena. Tone ikasimama pale, inaniangalia.

Tonton Bosco akainama ku sikio yangu.

"Bandika. Nani ataona?"

"Kamba itaona."

"Itaona Kinshasa. Si hapa."

"Tonton, mimi sibandike."

"Mama Odette alituambia pinde munane! Ukimupa saba, ni haya ile ile. Meza inaenda."

"Iende na saba yenye inashika."

Sijue nilitoa wapi ile neno. Nikaweka upinde ya munane pembeni, bila kofia ya chini.

Siku ya posho asubui nikafungua mupira, nikachonga njia ya kamba na lime, tupa ya muviringo, nikalainisha, nikapaka verni tabaka moja ya haraka. Saa nane Mama Odette akavuta, moja moja, mpaka ku shavu, mara kumi kila moja, na mimi sikio yangu na bandeji pale pale ku kofia, macho imefungwa. Mbao ilikuwa inapumua tu. Hakuna "tsk." Saba.

"Na ya munane?"

"Iko na mafuta ndani, mama. Sikubandika."

"Niko na batupaji munane."

"Najua, mama."

Akafunga saba mu turubai. "Wawili batapokezana upinde moja," akasema, akaenda.

Ndege yao ilipopanda tu, Tonton Bosco akalaza jeneza juu ya meza yetu. Akasema ni ya kungojea. Nikakaa juma nzima napapasa viti, sina hamu hata ya uongo, mujue basi nilikuwa mubaya namna gani. Kisha Papa Saleh akafika, mukondo kushinda mbele, kanzu inamutembeza. Akasimama mbele ya meza yake, akaangalia jeneza.

"Ni yangu?"

Tonton Bosco akashtuka. "Apana, Papa! Ni ya mutu moja ya Mangobo."

"Basi angojee. Mimi niko na kazi."

Mais hakuna mutu aliiondoa. Akakaa ku kiti karibu nayo, mikono ku magoti. Siku mbili alikuya vile, anakaa, anaenda.

Siku ya tatu Mama Odette akaingia na turubai. Hakusalimia mutu. Akafungua, akalaza pinde saba juu ya ile kifuniko ya jeneza. Nikauliza balishinda? Akasema apana, bana ya Kinshasa balibachapa vibaya, yeye mwenyewe alishangaa. Tonton Bosco akakaribia. Akachukua upinde ya kwanza, akaweka ile kucha yake kubwa chini ya kofia, akainua. Kitu haikutikisika. Ya chini. Upinde ya pili. Alipima zote kumi na ine, pole pole, jasho inamutoka, na ku ya mwisho alivuta mpaka kucha yake ikapasuka, akainyonya.

Mama Odette akasema: "Nataka zingine sita. Na ile ya munane, mukiisha kuipa mukono ingine."

Tonton Bosco akatoa kidole mu kanywa. Kisha akatoa pinde juu ya jeneza, akanipa nishike, akaenda upande ya kichwa, akainama.

"Weye wa lotoko," akasema. "Kamata huku ku miguu."

Tukaibeba inje, sisi wawili, na inje mvua ilikuwa inanyesha. Aliiacha pale ku mvua, mbao yake muzuri, na hakugeuka. Tuliporudia ndani, Papa Saleh alikuwa ameshavuta kiti ku meza.